Somo la TEHAMA: Kwa Nini Mkulima Hutambuliwa kwa Namba Moja

Tangu msimu wa kilimo wa 2022/2023, mkulima anayehitaji mbolea ya ruzuku sharti kwanza asajiliwe kupitia ofisi ya kijiji. Wapo wakazi wa Igalula wanaojiuliza kwa nini namba hutiliwa mkazo kuliko jina. Jibu limo katika namna kumbukumbu zinavyopangwa ndani ya kompyuta.

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni orodha moja: taarifa zote huandikwa katika jedwali moja, kama daftari la mistari. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye mashamba matatu: la mahindi, la karanga na la mpunga. Jina, kijiji na namba yake ya simu vitaandikwa mara tatu. Akibadili laini, karani akasahihisha mstari mmoja tu, mistari miwili itabaki na simu ya zamani. Ujumbe wa mbolea ukitumwa huko, mhusika hataupata, na mvua haimsubiri.

Njia ya pili ni hifadhidata ya uhusiano, iliyopendekezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM. Hapa majedwali hutenganishwa: moja la wakulima, la pili la mashamba, la tatu la mbolea iliyochukuliwa. Jina na simu hukaa katika jedwali la kwanza pekee, pamoja na namba ya mkulima. Majedwali mengine hayarudii jina. Hubeba namba hiyo tu, nayo ndiyo inayoyaunganisha. Simu ikisahihishwa mara moja, imesahihishwa kwa mashamba yote.

Orodha moja ina mahali pake. Kwa mahudhurio ya mkutano wa kijiji yatosha kabisa. Kumbukumbu zinazotumika msimu baada ya msimu ndizo zinazohitaji uhusiano.

Hata hivyo, kompyuta haimjui mtu kwa sura. Aliyesajiliwa mara mbili, jina la baba likitangulia safari moja na kufuata safari nyingine, huonekana kuwa watu wawili, kila mmoja na sehemu ya mashamba. Hapo ndipo Namba ya Utambulisho wa Taifa inaposaidia: ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, nayo ni ya mtu mmoja tu.

Kwa hiyo, mwananchi afikapo kwa Mtendaji wa Kijiji aje na namba hiyo, ataje mashamba yake yote, na aombe kusomewa jina na simu kabla ya kuondoka. Aliyekwisha kusajiliwa asijisajili upya. Aombe taarifa zake zirekebishwe. Ni vema kufanya hivyo sasa, kabla ya msimu kuanza.