Fizi Zitokazo Damu

SWALI: Bwana Tabibu, mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nina kisukari, na fizi zangu hutoka damu kila nipigapo mswaki. Je, maradhi haya yana uhusiano?

JIBU: Naam, Bibi, uhusiano upo, tena wa pande mbili: sukari izidipo katika damu, fizi hudhoofika na usaha hupata makao, na fizi zikidumu katika uvimbe, sukari nayo huwa taabu kuituliza, hata mgonjwa akazishuku dawa zake, ilhali adui yumo kinywani. Vijidudu vya fizi hizo huweza pia kuingia katika damu na kutua juu ya vali za moyo zilizokwisha kuharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Lakini nilihofialo zaidi ni gego la chini lililooza likapuuzwa, kwani usaha wake huteremka chini ya ulimi na shingoni, shingo ikafura, pumzi ikazibwa. Maradhi hayo aliyaeleza tabibu Mjerumani, Ludwig, mwaka 1836, na hata leo huua. Aliyefikwa nayo, hata akiwa kisiwani Ukerewe, asingoje kupambazuke ndipo aende hospitali.

Wewe usiache mswaki kwa sababu ya damu. Piga asubuhi na usiku, taratibu, kwa dawa yenye floraidi, kisha uende Bugando au hospitali iliyo karibu wakakukwangue ukoga mgumu. Mwambie tabibu wa meno habari za kisukari kabla hajakugusa, na siku hiyo, asipokuagiza vinginevyo, usiache chakula wala dawa zako.