Kulinda Sakafu ya Tangi la Samaki Pasipo Mchanga

Wanafunzi wangu kadhaa wameniuliza: tangi la kioo la kufugia samaki likikosa mchanga, mawe hayatapasua sakafu yake? Swali ni jema, maana jibu lake limo katika somo letu la kanieneo, yaani nguvu ikigawanywa kwa eneo linaloibeba.

Wafugaji wa samaki wa baharini mara nyingi hawatii mchanga, kusudi uchafu uonekane upesi na kufyonzwa kwa mpira. Sisi wa Ilomba tuko karibu zaidi na Ziwa Nyasa kuliko bahari, na jambo hili lipo huko pia. Samaki waitwao mbuna, jina lililotoka Malawi, hukaa penye miamba na kula mwani mdogo unaoota juu ya mawe. Wengi wao huchimba. Ukiweka mawe juu ya mchanga watauchimbua, na rundo litaanguka. Basi kwa hali zote mbili jiwe hukutana na kioo.

Tupige hesabu. Tangi la urefu wa sentimeta 100 na upana wa 40, lenye maji ya kina cha 50, lina lita 200, yaani kilo 200. Uzito huo ukienea sakafuni, kila sentimeta ya mraba hubeba gramu 50 tu. Sasa chukua jiwe la kilo 6, ambalo uzito wake ni mara 2.7 ya maji ya ujazo ule ule. Majini hubaki kama kilo 3.8. Likisimama kwa ncha ya sentimeta 1 ya mraba, mahali pale hubeba gramu 3,800! Maji ya chumvi hupunguza kidogo sana.

Tena, kioo hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa, na mkwaruzo mdogo waweza kuwa mwanzo wa ufa.

Kinga yake ni hii:

1. Futa sakafu isibaki hata chembe moja ya mchanga, maana hukwaruza kioo.

2. Tandika bamba gumu la plastiki, kama ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Acha nafasi ya vidole viwili kandokando, upate kufyonza uchafu. Usitumie bati, kwani chumvi hulila, wala mbao, kwani huoza.

3. Tangi likiwa bado tupu, weka mawe makubwa kwanza, ubapa chini. Plastiki hii huelea, hivyo mawe yaikalie vizuri.

Jiwe letu, uzito wake ukienezwa juu ya sentimeta 100 za mraba, litaweka gramu 38 tu kwa kila moja.

Yafaa tukumbuke kwamba kioo kikipasuka, kilo 200 za maji humwagika penye nyaya za umeme na miguu ya watoto, na samaki hufa wote.

Zoezi: Jiwe lile lile likisimama majini kwa ncha tatu zilizo sawa, kila moja ya sentimeta 1 ya mraba, kila ncha itabeba gramu ngapi?