SOMO LA UFUGAJI: KORODANI ZA MBUZI NA KAZI ZAKE MBILI



Una mbuzi jike mmoja na watoto wake wawili, dume na jike. Beberu huna, wala jirani hana. Baada ya miezi michache unaona yule jike mdogo tumbo limejaa. Hapo watu huanza kushutumiana kwamba beberu wa fulani kaingia usiku. Usitafute mbali: ni kaka yake aliyezaliwa naye. Jike huyu mchanga, ambaye nyonga zake bado ni nyembamba, anaweza kushindwa kuzaa, akafa yeye na mtoto. Ndiyo maana leo tunajifunza juu ya tezi za uzazi.

Tezi ni kiungo kinachotengeneza kitu fulani na kukitoa ili kitumike. Dume ana tezi mbili za uzazi, yaani korodani. Jike naye ana mbili ziitwazo ovari, ndogo kama maharagwe, zimefichwa tumboni karibu na mji wa mimba.

Kazi ya kwanza ya korodani ni kutengeneza mbegu za kiume. Kazi hii haipatani na joto la mwili, kwa hiyo korodani huning'inia nje katika mfuko wake, mahali penye ubaridi kidogo. Mbegu huchukua wiki saba hivi mpaka kukamilika. Beberu aliyepata homa kali leo anaweza kupanda majike mwezi ujao bila kuwapa mimba, nawe ukadhani majike ndio tasa.

Kazi ya pili ni kutoa homoni, ambayo husafiri kwa damu kama ujumbe. Ndiyo inayomletea dume shingo nene, ugomvi na ile harufu ambayo haina haja ya kuelezwa. Harufu yenyewe hutoka katika tezi nyingine ndogo zilizo nyuma ya pembe, na katika mkojo anaojirushia, lakini homoni ya korodani ndiyo inayoanzisha mambo yote hayo. Dume akihasiwa mapema, hatulii tu. Hata nyama yake haina harufu ya beberu.

Ovari hutoa mayai na homoni za kike. Jike asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, kwa siku moja au mbili: anatikisa mkia na kulialia. Akipandwa akashika mimba, atazaa baada ya siku 150 hivi. Andika tarehe ukutani.

Turudi kwa yule kaka. Anaweza kuwa na mbegu akiwa na miezi minne, pengine hata mitatu, na atampanda hata mama yake. Dada yake naye huingia kwenye joto kabla mwili haujawa tayari. Asipandwe mpaka afikie theluthi mbili ya uzito wa mbuzi jike mzima. Basi watenge wakiwa na miezi mitatu, au dume ahasiwe.

Usimhasi kwa kufunga kamba au kipande cha mpira wa baiskeli. Nyama huoza chini ya kamba, pepopunda huingia, na mbuzi hukakamaa na kufa. Mwite bwana mifugo mwenye koleo la kuhasi. Koleo hilo hubana mishipa ya kila korodani peke yake bila kupasua ngozi, na korodani hunyauka polepole. Hata hivyo usimrudishe kwa dada yake siku hiyo! Mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zimo katika mirija. Mweke mbali mwezi mzima. Kabla ya kazi, papasa uhakikishe korodani zote mbili zimo mfukoni. Moja ikibaki tumboni, kwa kawaida haitoi mbegu kwa sababu ya joto, lakini homoni inaendelea, naye ataendelea kunuka na kusumbua.

Jambo moja zaidi. Korodani ikivimba, au jike akitupa mimba, huenda ni bruselosi, ugonjwa unaompata mtu pia na kumpa homa zisizokwisha. Mwonyeshe bwana mifugo. Mimba iliyotupwa usiishike kwa mikono mitupu, wala usiwape mbwa, ifukie shimoni. Maziwa yachemshe, hata kama mbuzi anaonekana mzima.