Chema Chajiuza Wapi? Wasifu wa Kitaaluma Mtandaoni na Mhitimu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa mara kwa mara kuhalalisha haya ya msomi anayesita kutangaza ujuzi wake. Hata hivyo, methali yenyewe inachukulia kwamba chema kimekwisha kufikishwa sokoni. Mahindi yaliyofungiwa ghalani hayajiuzi, yawe mema kiasi gani. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi mwanafunzi wa Kiswahili anavyoweza kujenga wasifu wa kitaaluma mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba wasifu huo una nasaba na majigambo, ila unahitaji kitu ambacho majigambo hayakukihitaji: ushahidi ulioambatishwa.

Usuli wa Suala

Wahitimu wengi wa Kiswahili nchini Kenya hulitazama darasa kuwa ndicho kituo chao cha pekee, wakasubiri kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Ualimu ni kazi ya heshima, lakini uwanja wa Kiswahili umepanuka. Mwaka wa 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne. Mnamo Februari 2022, Umoja wa Afrika nao ulikiidhinisha kuwa lugha ya kazi. Maamuzi kama haya hayatekelezeki bila wafasiri, wakalimani na wahariri.

Anayewatafuta wataalamu hao huenda asiwe katika mji mmoja na mhitimu, wala asimjue mhadhiri wake. Atatafuta mtandaoni. Mtandao wa LinkedIn ulianza kutumika mwaka wa 2003, ProZ.com, ulioanzishwa mwaka wa 1999, huwakutanisha wafasiri na wateja. Nao mfumo wa ORCID, uliozinduliwa mwaka wa 2012, humpa mtafiti nambari ya tarakimu 16 inayomtofautisha na wengine. Katika nchi yenye akina Otieno, Wanjiru na Mwangi wengi, faida ya nambari hiyo ni bayana: makala ya mtu hayatahesabiwa kuwa ya mwingine.

Wasifu na Majigambo

Katika fasihi simulizi, majigambo au vivugo ni tungo za kujisifu. Miongoni mwa Wahima wa Ankole nchini Uganda, tungo hizo huitwa ebyevugo. Mtunzi hujitaja kwa jina la sifa, akaeleza vita alivyopigana na ujasiri aliouonyesha. Hadhira yake ni watu wa jamii yake, na baadhi yao huweza kuwa walikuwapo vitani. Akipita mpaka, yupo wa kumkosoa.

Msomaji wa wasifu mtandaoni hakuwapo vitani. Hamjui mtunzi, hajui chuo chake, wala hana jirani wa kumuuliza. Kwa hivyo sifa tupu kama vile “mchapakazi”, “mbunifu” na “mwenye ari” hazimfai kitu, kwa kuwa hata asiyekuwa nazo huziandika.

Vipengele vya Wasifu

Kipengele cha kwanza ni kichwa, yaani mstari unaofuata jina. Anayeandika “Mhitimu anayetafuta kazi” ametaja shida yake, hakutaja huduma yake. Anayeandika “Mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili: afya na kilimo” ameeleza lugha na nyanja kwa pamoja. Aidha, inafaa kichwa hicho kiandikwe kwa lugha zote mbili. Mtaalamu wa Kiswahili anayejieleza kwa Kiingereza pekee huwa ameificha bidhaa anayoiuza.

Kipengele cha pili ni muhtasari. Huu uwe na vitenzi na idadi badala ya vivumishi. Mathalani, mwanafunzi aseme amehariri makala sita ya jarida la chama, au amefasiri kijitabu cha maneno 8,000. Mwajiri wa mfasiri huielewa hesabu ya maneno, kwani malipo ya tafsiri mara nyingi hukadiriwa kwayo.

Kipengele cha tatu ni ushahidi. Asiyewahi kuajiriwa anaweza kuchagua matini fupi ya umma, aifasiri, kisha aweke matini chasili na tafsiri bega kwa bega, pamoja na maelezo ya istilahi mbili tatu zilizomtatiza. Ukurasa mmoja wa namna hiyo huonyesha umahiri kuliko orodha ndefu ya vyeti. Ni mwiko, hata hivyo, kuanika nyaraka za mteja bila idhini yake. Atakayeivunja siri ya mteja mmoja hataaminiwa na wa pili.

Kujenga Uhusiano

Mwaka wa 1973, mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyopata kazi. Kati ya waliopata kazi kupitia kwa watu waliowajua, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakikutana na watu hao mara kwa mara. Sababu yake haifichiki: marafiki wa karibu hujua yale yale tuyajuayo, ilhali wa mbali huleta habari za kwingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2022, uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, uliunga mkono wazo hilo, ingawa ulibaini kuwa uhusiano wa wastani, usio wa karibu mno wala wa mbali mno, ndio uliofaa zaidi.

Mwanafunzi aliyeungana na wanadarasa wenzake pekee amejizungushia watu wanaosubiri nafasi zile zile. Hana budi kuwaendea wahariri, watangazaji na wakalimani. Hapa adabu ya Mswahili ina nafasi yake. Ombi la kuunganishwa ni hodi. Asiyejitambulisha mlangoni hukaribishwa kwa shaka. Salamu, jina, sababu ya kubisha na shukrani vyatosha. Kuomba kazi katika ujumbe wa kwanza ni kuingia chumbani kabla ya kukaribishwa sebuleni.

Pamoja na hayo, tahadhari inahitajika. Nambari ya kitambulisho na anwani ya nyumbani havina nafasi katika wasifu. Anayedai ada ili atoe kazi aepukwe.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kujitambulisha mtandaoni si kujitembeza kunakokemewa na methali. Kinachokemewa ni sifa zisizo na kitu nyuma yake. Mwanafunzi asisubiri mahafali ndipo aanze. Tafsiri moja iliyokamilika na kuhaririwa vyema muhula huu ni mwanzo mwema. Chema chajiuza, naam, lakini sharti kwanza kifike sokoni.