Udongo na Mti: Maana ya Shamba huku Nyali

Shamba ni nini? Wengi watajibu kuwa ni kipande cha ardhi kilicholimwa. Lakini katika desturi ya pwani yetu, shamba lina mali mbili: udongo, na miti iliyopandwa juu yake. Mtu mmoja aweza kumiliki udongo, na mwingine akamiliki minazi, akaiuza au kuirithisha watoto wake.

Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitambua jambo hilo. Wenye madai ya pwani walitakiwa kuyaleta yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini hata leo jamaa nyingi hulima pasipo hati.

Tazama sasa desturi ya kuazima shamba. Mwenye ardhi humruhusu mgeni kulima mahindi, kunde na muhogo, bali humkataza kupanda mnazi. Si uchoyo. Muhogo hung'olewa baada ya mwaka mmoja hivi. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7, kisha huzaa kwa miaka 60 au zaidi. Apandaye mnazi ameweka dai la wajukuu wake.

Nyali yatufundisha hatari iliyopo. Zamani palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Mwaka 1931 daraja lililoelea majini liliunganisha Nyali na kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1980 likajengwa la kudumu. Majumba yakafuata. Ardhi ikiacha kuwa ya jembe ikawa ya kujengea, thamani yote huhamia udongoni. Mwenye mimea tu aweza kulipwa fidia ya mimea yake, wala si bei ya kiwanja.

Tena, mkulima asiyejua kama atavuna mwakani hatii samadi, na udongo wetu wa mchanga huchoka upesi.

Basi, kabla hujainua jembe, uliza mambo matatu: Udongo huu ni wa nani? Miti ni ya nani? Nimeruhusiwa kupanda nini, na kwa muda gani? Tafuta habari katika ofisi ya ardhi, kisha mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.