Fleti ya Uzeeni Braamfontein: Ipime kwa Magoti

Jumamosi moja nilipanda ngazi za jengo fulani karibu na De Korte Street, Braamfontein, Johannesburg, nikimfuata mzee mmoja wa kwetu Tanga. Anakaa ghorofa ya 6, na lifti ilikuwa imekufa wiki ya pili. Kila ghorofa alitua dumu la maji, akashika ukuta, akahema. Tulipofika juu akafungua pazia, na daraja la Nelson Mandela likaonekana lote. "Mdogo wangu," akasema, "dirisha hili nalilipia kwa magoti."

Sababu za kupenda kustaafia Braamfontein zipo. Treni ya Gautrain ya Park Station inakufikisha uwanja wa ndege wa OR Tambo bila kubembeleza teksi. Hospitali ya Charlotte Maxeke ipo Parktown, jirani tu. Jirani kwenye ramani, lakini, maana njia inapanda. Itembee kwa miguu asubuhi ya Julai, baridi ikiuma, ukiwa na mfuko mkononi. Ukifika unatweta ukiwa na miaka 60, jiulize utafikaje ukiwa na 75.

Kiinua mgongo kisiguswe kwanza. Kabla ya kununua, panga fleti kwa miezi 6, na ndani yake iwemo Desemba na Februari. Mtaa huu ni wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wits: Desemba unapoa ukadhani umepata pepo, Februari wanarudi, na Ijumaa usiku muziki unapenya hadi kwenye mto wa kulalia. Wengine hupenda uchangamfu huo. Mimi silali.

Ukiridhika na kutaka kununua, usikimbilie kukagua vigae vya jikoni. Omba karatasi za umoja wa wenye fleti. Tangu Oktoba 2016 sheria inautaka uwe na mfuko wa akiba na mpango wa matengenezo makubwa wa miaka 10. Angalia akiba ni kiasi gani, lifti ina umri gani, na wangapi hawalipi levi, ile ada ya jengo ya kila mwezi. Akiba ikiwa tupu na lifti ni ya kizamani, mchango wa dharura utakuangukia wewe na pensheni yako. Uliza pia kama kuna tangi la maji, kwa sababu mabomba ya Johannesburg hukauka bila hodi.

Anayewaza kwenda kwanza nyumbani Tanzania kujaribu maisha, na hapa ana kibali cha ukaazi wa kudumu, ahesabu siku zake: ukikaa nje zaidi ya miaka 3 kinaweza kufutwa. Na Mtanzania aliyekwishachukua uraia wa Afrika Kusini asijidanganye kuwa wa kwao bado anao.

Siku ya kuiona fleti, dalali akikuongoza kwenye lifti, mwambie mpande ngazi.