Kabla ya Kujenga Tanuri, Mpangie Mgonjwa Fungu Lake

Katika vijiji vingi kuna vikundi vya akina mama na vijana wanaofikiria kuanzisha kiwanda kidogo cha mikate. Ni fikra nzuri. Mkate haungoji msimu wa mavuno, na mnunuzi wa leo atarudi kesho. Huenda ukashangaa kuona mambo ya mikate yanazungumzwa katika ukurasa huu wa afya, badala ya kuachiwa ndugu zetu wa ushirika. Sababu yake ni hii: afya ya watakaokula mkate wako huamuliwa mapema, siku ile kikundi kinapoketi na daftari kupanga fedha na watu. Jambo lililosahaulika siku hiyo ni shida kulipata baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaribishwa alfajiri kutazama kiwanda kidogo cha namna hiyo. Sakafu ilikuwa imedekiwa, maji yalikuwepo, na vyeti vilikuwa vimetundikwa ukutani. Lakini kijana aliyekuwa akifungasha mikate alikuwa na jipu katika kidole cha shahada, amelifunga kwa kitambaa. Nikamwuliza kwa nini hakubaki nyumbani. Akanijibu, “Mzee, nikibaki nyumbani leo, watoto hawali leo.” Mwenye kiwanda naye akaniambia kuwa hana mtu mwingine, na maduka yanangoja mikate. Wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa limefanyika zamani, walipoandika wafanyakazi watatu na mishahara mitatu, kisha wakafunga daftari.

Yafaa tuelewe hatari yenyewe iko wapi. Moto wa tanuri ni rafiki yetu. Mkate ukiiva sawasawa, joto la ndani yake hupita nyuzi 90 za sentigredi, na vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo haviwezi kuishi humo. Kwa hiyo mkate unapotoka tanurini ni safi. Hatari huanza pale unapopoa, unapokatwa na kufungashwa, maana baada ya hapo haupikwi tena. Mkono wenye jipu, au mkono uliotoka chooni bila sabuni, ukiugusa mkate huo, mlaji anapokea kila kitu kama kilivyo. Tena kama ni mkate uliotiwa krimu au nyama ndani, vijidudu vya jipu huzaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki.

Kuna kisa cha kweli kinachofundisha habari hii kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1907, katika mji wa New York huko Marekani, waganga walimgundua mpishi mmoja, Mary Mallon, aliyekuwa na vijidudu vya homa ya matumbo mwilini ingawa mwenyewe hakuonekana mgonjwa. Alitengwa, akafunguliwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akapewa kazi ya udobi. Lakini udobi ulikuwa na mshahara mdogo kuliko upishi, na baada ya muda akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wanawake. Watu 25 walikuwa wameugua na wawili wamekufa. Alitengwa tena hadi alipofariki mwaka 1938. Watu wengi humlaumu mama huyu, na lawama yake ipo. Lakini tazama pia upande wa mshahara: mtu aliyeambiwa achague kati ya ukweli na chakula alichagua chakula. Kiwanda chako kisimpe mfanyakazi uchaguzi huo.

Sasa tufungue daftari. Bei nitakazotaja ni za mfano tu; wewe weka za sokoni kwenu. Tuseme kikundi chako kitatumia mfuko mmoja wa unga wa ngano wa kilo 50 kila siku. Ukichanganya unga huo na maji, sukari, mafuta, chumvi na hamira utapata kinyunya cha mikate ipatayo 144 ya nusu kilo. Minne utaungua au kupinda, itabaki 140 ya kuuza. Ukiwauzia wenye maduka kwa shilingi 1,400 kila mmoja, unapata shilingi 196,000.

Upande wa matumizi, unga ni shilingi 84,000, sukari 9,000, mafuta pamoja na chumvi na hamira 19,000, kuni 14,000, na mifuko ya kufungashia 7,200. Jumla 133,200. (Usifungie mkate katika magazeti ili kupunguza matumizi, kwa sababu wino si chakula. Gazeti hili ukimaliza kulisoma mpe jirani.) Ongeza wafanyakazi watatu kwa shilingi 10,000 kila mmoja kwa siku, pango la nyumba 3,000, na kukodi pikipiki ya kusambaza 5,000. Ukitoa vyote hivyo unabakiwa na shilingi 24,800 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni shilingi 644,800. Hapa ndipo vikundi vingi hupiga makofi na kuagiza matofali.

Lakini ngoja kidogo. Katika Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka kwa malipo. Tukiondoa siku za mapumziko ya juma, hizo ni siku 24 za kazi. Sheria hiyo hiyo inampa mgonjwa mwenye cheti cha daktari hadi siku 126 katika muda wa miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Tukadirie kwamba kila mfanyakazi ataugua siku sita tu kwa mwaka. Basi kila mmoja hatakuwepo siku 30, na wote watatu ni siku 90. Kiwanda kinafanya kazi siku 312 kwa mwaka. Kwa hiyo karibu siku moja katika kila siku tatu na nusu kutakuwa na nafasi wazi! Mpango wa watu watatu kwa kweli ni mpango wa watu kama wawili na robo tatu, na hiyo robo iliyopungua ndiyo inayomleta kazini mtu mwenye jipu.

Hivyo basi, tangu siku ya kwanza kiwanda cha watu watatu kinahitaji watu wanne. Huyo wa nne si wa kila siku. Ni mtu wa hapo hapo kijijini, mwenye shamba lake au biashara yake, anayejua kukanda, kuchoma na kufungasha, na aliyepimwa afya pamoja na wenzake. Anaitwa mmoja anapougua au kwenda likizo, naye hulipwa kwa siku aliyofanya. Siku 90 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku 312 ni kama shilingi 2,900 kila siku, yaani shilingi 21 kwa kila mkate. Sijaona kinga ya bei rahisi kuliko hiyo.

Fedha hizo zisikae katika kopo moja na fedha za unga. Zitunzwe katika fungu lake, ziandikwe kila jioni, na zisikopwe kwa ajili ya msiba wala harusi. Najua jambo hili ni gumu. Mwenyekiti na mweka hazina watasukumwa sana, hasa miezi ile ambayo hakuna mtu aliyeugua na fungu linaonekana limelala bure.

Yako matumizi mengine ambayo hesabu ya kwanza iliyaruka. Maji, sabuni na dawa ya kusafishia meza, weka shilingi 3,000. Mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii ni asilimia kumi ya mshahara, na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni nusu ya asilimia, jumla shilingi 3,150 kwa wafanyakazi wetu watatu. Kazi inayofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia tano. Weka shilingi 300. Pamoja na lile fungu la mgonjwa na likizo ni shilingi 9,350. Sasa faida yako imeshuka kutoka 24,800 hadi 15,450 kwa siku, yaani 401,700 kwa mwezi.

Je, mkopo utalipika? Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kutoka asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Tuseme mmepata shilingi milioni tatu za kulipa kwa miezi 12. Kila mwezi mtarudisha 250,000 na kubakiwa na 151,700 za kodi, matengenezo na mabati ya kuokea yanayotoboka. Inatosha, ila kwa shida. Kama ingekuwa haitoshi, dawa ni kukopa kidogo, au kuanza na tanuri dogo zaidi. Kulifuta fungu la mgonjwa si dawa.

Tena usitumie mkopo wote kwa tanuri. Wenye maduka wengi hulipa baada ya juma. Kwa siku sita utanunua vifaa vya shilingi 133,200 na kulipa mishahara 30,000 kabla hujaona senti, na hiyo ni karibu shilingi milioni moja. Kikundi kisicho na fedha hizo mkononi hushindwa juma la pili, na kitu cha kwanza kupunguzwa huwa ni sabuni.

Katika kugawa kazi, anayefungasha asipokee fedha, maana noti hupita mikono mingi. Atumie koleo badala ya vidole. Mkate upoe kabisa kabla ya kufungwa, kwani ukifungwa moto hutoa jasho na kuota kuvu. Anayechunga unga akae mahali penye hewa, amwage unga polepole, na afagie kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la unga likiingia mapafuni miaka mingi huleta pumu ya waokaji. Mama mjamzito asipangiwe zamu ya usiku katika miezi miwili ya mwisho, sheria inamlinda.

Kuhusu kupima afya, wanaoshika chakula hupimwa kila baada ya miezi sita. Gharama hiyo ibebwe na kiwanda, na mtu wa nne asisahauliwe. Lakini cheti hueleza hali ya siku ile tu. Mtu mwenye cheti cha Januari anaweza kuhara mwezi Machi. Kwa hiyo wekeni kanuni kwamba mwenye kuhara, kutapika, macho ya manjano au jipu mkononi anasema asubuhi hiyo hiyo, anakwenda zahanati, na mshahara wake haukatwi. Aliyehara arudi kazini baada ya kupita saa 48 tangu alipopona. Kanuni hii isomwe kwa sauti siku ya kuajiri, mbele ya wote, ili kila mtu ajue kuwa kusema ukweli hakumpunguzii kitu.

Kabla hamjamwita fundi wa tanuri, nendeni kwa Bwana Afya wa kata mkiwa na mchoro wa jengo, aonyeshe mahali pa choo na pa kunawia mikono. Mwulizeni pia taratibu za kusajili jengo la chakula kwa Shirika la Viwango Tanzania. Ofisa wa kazi atawaambia kima cha chini cha mshahara kwa sasa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi: Andikeni bei za unga, sukari na kuni za hapa kwenu, kisha mfanye hesabu upya. Je, shilingi 21 zinatosha, au kwenu ni zaidi? Nani katika kijiji chenu anafaa kuwa mtu wa nne, na atajifunza kazi lini? Mwokaji wenu mkuu akiugua homa ya matumbo kwa majuma matatu, nani atashika funguo za tanuri?